Niliteleza

Karatasi ilishaandikwa nilipofika.
Wino wa bluu, mwandiko wa Leokadia wa mahesabu,
herufi za duara kama maandazi:
Mfanyakazi aliteleza kwenye mafuta
akaangukia pampu namba tatu.
Nitie sahihi tu hapo chini,
mfuko wa fidia utalipa jino.

Mafuta gani, meneja?
Sakafu ile niliipiga deki mwenyewe
saa kumi na moja alfajiri,
kabla malori ya sangara hayajaamka Igoma.
Ilikuwa kavu kama furu wa kubanikwa.

Alisema, "Weka arobaini."
Nikauliza, "Lita?"
Akatikisa kichwa, simu sikioni, nikaweka lita.
Kumbe alitaka elfu arobaini.
Au alitaka lita kwanza, kisha akakumbuka mfuko wake.
Hilo yeye na Mungu wake.
Ninachokijua mimi ni kiganja,
na pete kwenye kiganja,
na ladha ya chuma.

Juu ya friji ya soda pameandikwa: MTEJA NI MFALME.
Babu yangu kule Magu
alimshikia ntemi mwavuli miaka tisa.
Alinisimulia mengi, mengine ya kuficha watoto,
ila ntemi aliyeshuka kitini
akamzaba mtu kofi kwa ajili ya petroli,
huyo hakunisimulia.

"Nkwimba," anasema meneja kwa upole,
upole wa mtu anayepima samaki,
"yule ana malori kumi na manne.
Wewe una meno mangapi?"

Jana yalikuwa thelathini na mawili.

Kituoni aliyenitangulia alikuwa anadai injini ya mtumbwi.
Nikangoja, leso mdomoni.
Koplo akafungua fomu ya PF3.
"Umeumizwa na nini?"
Na mtu.
"Tukio gani?"
Nikasema, shambulio,
na neno likatoka na upepo penye pengo,
sh yake ikapiga mluzi kama dirisha bovu.
"Sema tena."
Shambulio.
"Tena, mama, niandike vizuri."
Mara ya tatu halikuwa na aibu.

Nilidhani sheria ni mlango mmoja:
unabisha, unafunguliwa au hufunguliwi.
Nikakuta ni nyumba ya kupanga ya Mabatini,
kila chumba na mwenyewe, kila mwenyewe na kufuli lake,
na wote wanakuambia njoo kesho na kopi.

Afisa kazi alikuwa anakula mhogo.
Akasoma, akafuta vidole, akacheka bila furaha.
"Ulikuwa zamu? Umevaa sare? Uko kwenye pampu?
Basi umeumia kazini, awe amekuumiza mtu au ndoo.
Fidia haihitaji mafuta sakafuni.
Huyu bosi wako anadanganya bure;
anayemlinda si wewe.
Kesi ya kofi iende polisi, ifike mahakamani.
Na akikufukuza kwa sababu umekwenda,
usikae nyumbani ukilia mwezi mzima.
Siku zinahesabiwa. Thelathini. Njoo."

Mhoja wa pampu namba nne
alimwambia koplo alikuwa anahesabu chenji.
Ana watoto wanne na mama mgonjwa Sengerema,
anavuka Kamanga kila Jumapili na dawa kwenye rambo.
Sikumlaumu. Nilimlaumu kidogo.
Jumanne nikakuta ndani ya kitambaa changu cha kufutia vioo
kipande cha risiti:
namba ya gari, saa, dakika,
na chini yake: kamera ya dukani inafanya kazi, wasikudanganye.
Na chini zaidi, kwa herufi ndogo: usinitaje.
Kwa hiyo hapa anaitwa Mhoja.
Siyo jina lake.

Shauri limepangwa tarehe kumi na tisa.
Sijashinda kitu.
Supu naipoza, mahindi nimeyaacha,
ulimi hautulii, unakwenda kukagua pengo
kama mwenye nyumba aliyevunjiwa.

Karatasi nilimrudishia meneja siku ileile.
Penye nafasi ya sahihi,
kwa mwandiko wangu mbaya wa darasa la saba,
niliandika:
Sakafu ilikuwa kavu.
Kisha jina langu lote,
na la baba.